Njia Fupi, Njia Bora? Kupeleka Ufungamano wa Kikwantamu Hadi Bumbire

Mwanachuo mwenzangu, kabla hatujagusa fizikia, njoo kwanza mwaloni.

Mimi nimekulia Bumbire, kisiwa cha Wilaya ya Muleba, kusini kidogo ya Bukoba. Mtoto wa kisiwani hujifunza mapema kuwa sangara akishatoka majini, saa imeanza kuhesabu. Unamlaza kwenye barafu, halafu unaanza kupiga hesabu. Upande boti inayoondoka sasa hivi lakini inapitia mialo mitatu? Au usubiri ile inayokwenda moja kwa moja, ambayo hujui itafika lini? Barafu inayeyuka. Ukikosea, unafika sokoni na samaki ambaye mnunuzi anamnusa kisha anageukia kwa mwenzako.

Mwaka wa tatu, kwenye kimbweta, nikiwa na desa la mawasiliano ya kikwantamu mkononi, ndipo nilipogundua kuwa swali lile la mwaloni ndilo linalowasumbua wanaobuni mtandao wa intaneti ya kikwantamu. Nao wana mzigo unaoharibika ukingojea, na njia kadhaa za kuusafirisha. Tofauti ni kwamba mzigo wao hauwezi kunakiliwa, na hapo ndipo kila tulichofundishwa kuhusu rauta kinapoanza kuyumba. Leo tupitie somo hilo pamoja, taratibu. Ukiwa na kalamu, iweke karibu.

Kwa nini faiba peke yake haitoshi

Intaneti yetu ya kawaida hupita kwenye faiba kama mapigo ya mwanga. Faiba nzuri hupoteza desibeli 0.2 kwa kila kilomita. Inaonekana ndogo, lakini fuatilia: kilomita 50 ni desibeli 10, maana yake inabaki sehemu moja kati ya 10. Kilomita 100, sehemu moja kati ya 100. Dar es Salaam hadi Bukoba, hata ukinyoosha mstari angani, ni zaidi ya kilomita 1,000. Hapo ni desibeli 200: inafika fotoni moja kati ya idadi inayoandikwa 1 ikifuatiwa na sifuri 20. Ukirusha fotoni bilioni 10 kila sekunde, utaingojea moja ifike kwa zaidi ya miaka 300. Hata bumu halijawahi kuchelewa hivyo.

Kwenye mkongo wa kawaida tatizo hili limeshatatuliwa. Kila kilomita 80 hivi unaweka amplifaya, mwanga unapewa nguvu upya, safari inaendelea. Na pakiti ikipotea, kompyuta iliyoituma bado ina nakala, kwa hiyo inaituma tena. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ilikwama nchini na kila mtu akalalamika. Lakini ujumbe wako wa WhatsApp haukufa. Ulikaa kwenye simu, ukasubiri njia nyingine ifunguke, kisha ukaenda.

Kwenye kwantamu hakuna anasa hiyo. Mwaka 1982 Wootters na Zurek, na Dieks kwa upande wake, walithibitisha kuwa hali ya kikwantamu usiyoijua haiwezi kunakiliwa kikamilifu. Hili halitokani na teknolojia kuwa duni. Ni sheria ya asili, kama ilivyo sheria kwamba nishati haiumbwi. Amplifaya kimsingi ni mashine ya kunakili, kwa hiyo hapa haina kazi. Fotoni ikipotea njiani, imepotea na kilichokuwa ndani yake.

Jozi, na kazi ya kuunga

Basi tufanyeje? Tusitume mzigo wenyewe. Tutume kwanza *ufungamano*.

Chukua doti ya kanga. Vipande viwili, rangi moja, jina moja. Ukikata, kimoja kikaenda Bukoba na kingine Dar, aliye Bukoba akifungua bahasha anajua mara moja cha Dar kikoje. Jozi ya fotoni zilizofungamana inakaribia hapo, ila mfano huu una mwisho wake na ni vizuri tuuone. Rangi ya kanga iliamuliwa kiwandani. Majibu ya fotoni hizi hayawezi kuelezwa kwa maagizo yaliyoandikwa ndani yake tangu zilipotengenezwa. John Bell alionyesha mwaka 1964 namna ya kulipima jambo hilo, na majaribio yake ndiyo yaliyowapa Aspect, Clauser na Zeilinger Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2022. Na jambo lingine la kukariri kabla ya mtihani: ufungamano hautumi ujumbe kwa kasi kuliko mwanga. Ni rasilimali. Ukishakuwa nao, unaweza kuutumia kutengeneza ufunguo wa siri, au kuhamisha hali ya kyubiti moja kutoka huku kwenda kule, mradi tu kuwe na mawasiliano ya kawaida pembeni.

Sasa, jozi moja haiwezi kuruka kilomita 1,000. Lakini jozi fupi zinaweza kuungwa. Tuseme Bumbire na Muleba wana jozi yao, Muleba na Geita wana ya kwao. Kituo cha Muleba kina nusu mbili: moja ya jozi ya kwanza, moja ya jozi ya pili. Kikizipima nusu hizo *kwa pamoja*, kwa kipimo maalumu, kisha kikatangaza matokeo kwa simu ya kawaida, Bumbire na Geita wanabaki wamefungamana, ingawa chembe zao hazijawahi kukutana. Jozi mbili fupi zimetumika, imepatikana moja ndefu. Ni kama mvuvi anayeunga kamba mbili: kila moja inaacha kuwa kamba ya peke yake.

Wazo hilo la kuunga lilitolewa mwaka 1993 na Żukowski na wenzake, na mwaka 1998 likaonyeshwa maabara. Mwaka huohuo wa 1998 Briegel, Dür, Cirac na Zoller wakapendekeza mnyororo mzima wa vituo vya namna hiyo. Kituo kama hicho ndicho kinachoitwa ripita ya kikwantamu. Jina linadanganya kidogo: ripita hii hairudii chochote. Inaunga.

Barafu: thamani ya kungoja

Kila kipande cha njia ni bahati nasibu. Unarusha fotoni, mara nyingi inapotea, unarusha tena. Tuseme njia ina vipande viwili, na kila kimoja hufaulu mara 1 kati ya 10. Kama vituo haviwezi kuhifadhi kitu, ni lazima vipande vyote viwili vifaulu kwa jaribio moja. Hiyo ni 0.1 × 0.1, yaani 0.01. Utasubiri wastani wa majaribio 100.

Sasa weka kumbukumbu ya kikwantamu kwenye vituo, kitu kinachoweza kutunza nusu ya jozi wakati upande wa pili bado unahangaika. Wastani unashuka hadi majaribio 15 hivi. (Hesabu: 2/0.1 kutoa 1/0.19. Ithibitishe mwenyewe, ni zoezi zuri la uwezekano.) Kutoka 100 hadi 15 kwa sababu tu umejua kusubiri.

Lakini kumbukumbu hii ni barafu. Inayeyuka. Ubora wa jozi unashuka kila inapokaa, na habari ya "tumefaulu" yenyewe inachukua muda kufika. Mwanga ndani ya faiba hukimbia kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kilomita 1,000 ni milisekunde 5 za kwenda tu. Waswahili wanasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Hapa ngoja ngoja inaua ufungamano. Kwa hiyo anayeelekeza njia anaulizwa maswali mawili kwa pamoja: *wapi* na *lini*. Ile algorithimu ya Dijkstra tuliyokaririshwa mwaka wa kwanza hujibu la kwanza tu.

Hesabu ya njia mbili

Tuchore mtandao wa karatasini kutoka Bumbire hadi Mwanza. Namba nimezichagua ili hesabu iwe nyepesi, si vipimo vya ziwani.

Njia A inakata ziwa, na kituo kimoja tu katikati. Vipande 2 virefu, kila kimoja hufaulu kwa uwezekano wa 0.1.

Njia B inazunguka nchi kavu: Bumbire, Muleba, Chato, Geita, Mwanza. Vipande 4 vifupi, kila kimoja 0.5.

Tuseme kumbukumbu za vituo vya kati ni dhaifu, hivyo vipande vyote vya njia vifaulu katika jaribio moja. Na kuunga nako kuna bahati yake. Kwa vifaa vya kawaida vya mwanga, bila nyongeza, kuunga hufaulu nusu ya mara, basi tuweke q = 0.5. Njia A ina uunganishaji 1, njia B ina 3.

A: 0.1² × 0.5 = 0.005. Jozi 5 kwa kila majaribio 1,000.
B: 0.5⁴ × 0.5³ = 0.0078. Karibu jozi 8 kwa majaribio 1,000.

Njia yenye vituo vingi imeshinda! Hesabu ya "vituo vichache ndiyo njia fupi" ingekupeleka majini bure. Ila usishangilie bado. Shusha q hadi 0.4 uone: A inatoa 0.004, na B inatoa 0.004. Sare. Chini ya hapo A inaongoza. Kwa hiyo "njia bora" haisomwi kwenye ramani tu. Inategemea uhodari wa kuunga wa kila kituo, na kituo kikibadilika leo, jibu la jana limekufa.

Halafu njoo kwenye ubora. Ubora wa jozi hupimwa kwa F: 1 ni jozi kamilifu, na kwa aina ya kelele tunayotumia hapa, ikifika 0.5 au chini, hakuna tena ufungamano. Tuseme kila kipande kinatoa jozi yenye F = 0.95. Badili F kuwa w kwa kanuni w = (4F − 1)/3, tunapata 0.933. Uzuri wa w ni kwamba ukiunga, zinazidishana tu.

A, vipande 2: w = 0.871, yaani F = 0.90.
B, vipande 4: w = 0.759, yaani F = 0.82.

Kama kazi yako inataka F isiyopungua 0.85, jozi 8 za njia B ni kama sangara waliolala: wengi, lakini hawauziki. Unaweza kuzichuja. Unachukua jozi mbili, unazipima kwa ujanja, unatoa sadaka moja ili iliyobaki iwe safi zaidi. Kwa kanuni ya Bennett na wenzake ya mwaka 1996, mbili za 0.82 zinatoa moja ya 0.86, na zoezi linafaulu mara 79 kwa 100. Basi kutoka jozi 7.8 unabaki na 7.8 ÷ 2 × 0.79, yaani 3.1 kwa majaribio 1,000. Tena hapo miisho iwe na kumbukumbu nzuri ya kuitunza ya kwanza hadi ya pili ifike.

Sasa linganisha upya. A: jozi 5 zenye ubora 0.90. B: jozi 3.1 zenye ubora 0.86. Njia iliyoshinda dakika mbili zilizopita imeshindwa kwa idadi *na* kwa ubora. Namba za njia hazikuguswa. Kilichobadilika ni swali la mteja. Hili ndilo ningependa ubaki nalo hata ukisahau kanuni zote: kwenye mtandao wa kikwantamu, huwezi kuchagua njia kabla hujauliza jozi ni ya kazi gani.

Nani anabaki mwisho wa mstari

Hapa mimi mtu wa kisiwani nimekaa kwa muda mrefu zaidi.

Chukua mnyororo wa vipande 10 kutoka Dar es Salaam hadi Bumbire. Jozi moja ya mwisho kwa mwisho inakula jozi moja kutoka kila kipande: jumla 10, hata kabla ya kuhesabu uunganishaji unaofeli. Jozi hizohizo 10 zingeweza kuwahudumia majirani 10, kila mmoja na mwenzake wa karibu. Sasa mpe msimamizi wa mtandao lengo moja tu, "ongeza jumla ya jozi zinazotolewa." Algorithimu haina chuki na mtu. Itafanya ilichoambiwa: itawapa majirani, kila mara, na ripoti ya mwisho wa mwezi itaonyesha mtandao unafanya vizuri sana. Bumbire haitapata hata jozi moja, na hakuna mahali kwenye ripoti pataonyesha.

Kuna ukweli mwingine mkali zaidi. Kwa F ya 0.95 kwa kila kipande na bila kuchuja, mnyororo wa vipande 15 unaishia kwenye F ya 0.52. Ongeza cha 16, unashuka chini ya 0.5. Yaani ramani inaonyesha umeunganishwa, faiba ipo, vituo vinawaka taa, lakini ufungamano haufiki kwako. Sisi wa visiwani tunaijua hali hiyo ya kuwa kwenye ramani bila kuwa kwenye huduma.

Dawa zipo, na kila moja ina bei. Unaweza kubadili lengo: badala ya jumla, hakikisha anayepata kidogo kuliko wote anapata kiasi fulani. Jumla itashuka. Unaweza kuchuja mapema, kwenye vipande vya mwanzo, ili jozi zinazoungwa ziwe safi. Utatumia jozi nyingi zaidi. Unaweza kuweka kumbukumbu nzuri kwenye vituo vya kati kabla ya kuviweka mijini. Itabidi mtu aamue fedha ziende wapi. Nikilisoma hivi naona kuwa uelekezaji wa njia si suala la mafundi peke yao. Mstari mmoja wa programu, ule unaoandika lengo, ndio unaoamua nani ni raia kamili wa mtandao.

Dunia iko wapi, na sisi?

Tusidanganyane: mtandao mkubwa wa ripita za kikwantamu bado haujafika popote. Mwaka 2021 watafiti wa Delft, Uholanzi, waliunganisha vituo vitatu maabara, kimoja kikifanya kazi ya kuunga. Mwaka 2024 walifungamanisha vituo viwili, Delft na The Hague, kwa kilomita 25 za faiba iliyo ardhini. Hizo ni hatua kubwa kwa wanaojua ugumu wake, lakini bado ni pungufu ya safari ya Bumbire hadi Bukoba mjini.

Afrika nayo imo. Wakati wa Kombe la Dunia la 2010, uwanja wa Moses Mabhida mjini Durban uliunganishwa na kituo cha usimamizi kwa kiungo kilicholindwa kwa funguo za kikwantamu, kazi iliyohusisha Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal. Na mwaka 2025 zilitangazwa funguo za siri zilizopitishwa kwa satelaiti ndogo ya China kati ya Beijing na Stellenbosch, Afrika Kusini, umbali wa kilomita 12,900. Ila ukisoma habari hiyo, jiulize swali la leo: je, hapo ufungamano uliungwa? Hapana. Satelaiti ilitengeneza ufunguo na kila upande, na yenyewe inaujua. Ni mjumbe unayelazimika kumwamini. Ripita ya kweli inaunga bila kujua siri, na ndiyo maana watu wanahangaika nayo.

Unaweza kusema, "Mzee, maabara hizo hatuna, mambo haya yatuache." Hapana. Kumbukumbu za almasi na leza za bei mbaya, sawa, hatuna. Lakini hesabu zote za makala hii nimezifanya kwa kalamu na kikokotoo cha simu. Uelekezaji wa njia ni grafu, uwezekano na programu, vitu vilivyomo kwenye mitaala yetu ya hisabati, kompyuta na uhandisi. Kanuni za mtandao huu zinaandikwa sasa, kabla mtandao wenyewe haujajengwa. Ukingoja ujengwe ndipo uulize habari ya pembezoni, utajibiwa kuwa lengo lilishaandikwa zamani.

Jaribu mwenyewe

1. Rudia hesabu ya njia A na B ukiweka q = 0.8. Njia ipi inatoa jozi nyingi, na kwa mara ngapi?
2. Ukiboresha vipande vya njia B hadi F = 0.98 kila kimoja, je, bado unahitaji kuchuja ili ufike 0.85?
3. Chora mtandao wa kijiji au mtaa wenu: vituo sita, vipande nane. Chagua wawili walio mbali kuliko wote. Andika lengo la msimamizi kwa sentensi moja ya Kiswahili ambayo haitawasahau.

La tatu ndilo gumu. Ukilipata, nitafute kimbwetani, tulijadili kwa chai.